Dereva Hutii Barabara, si Kibao

Gari dogo liko kwenye kasi ya kilomita 30 kwa saa, mtoto anachomoka mbele yake. Dereva aliye macho atahitaji kama mita 13 kusimama: mita 8 zinapita kabla mguu wake haujakanyaga breki, na 5 zilizobaki ni za breki yenyewe. Sasa gari hilohilo liwe kwenye 50. Katika sekunde ile moja ya kushtuka litakuwa limekwenda karibu mita 14. Yaani pale ambapo gari la kwanza limekwishasimama, la pili linapita likiwa na 50 yake kamili, breki bado haijaanza kushika. Na hiyo ni hesabu ya lami kavu na tairi nzima. Tairi kipara na mvua za masika hazimo.

Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, na katika azimio lao wakataka kasi isizidi 30 mahali ambapo watembea kwa miguu, baiskeli na magari huchanganyikana. Tanzania na Kenya bado kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi ni 50. Ningefurahi kikishuka, ila kubadili namba kwenye kibao peke yake hakutatufikisha mbali. Dereva huchagua mwendo kwa kile anachokiona mbele ya kioo: lami pana, iliyonyooka, isiyo na mti wala ukuta karibu, humwambia akanyage mafuta. Akimwona trafiki atapunguza; akishampita tu, gia inapanda. Huyu si lazima awe mtu mbaya. Barabara imemwambia jambo moja na kibao kimemwambia lingine, naye ameisikiliza barabara.

Kwa hiyo sisi tunaosanifu mitaa tunaanza na upana. Njia moja ya gari katika barabara kuu za masafa marefu huwa na mita 3.5 au zaidi kidogo, kwa sababu huko magari hupishana kwa kasi kubwa. Kipimo hicho tumekibeba tukaingia nacho mjini bila kuuliza. Basi kubwa lina upana wa kama mita 2.5. Mtaani, njia ya mita 3 inalitosha gari dogo na kubaki, na 3.25 inalitosha basi. Chukua barabara ya njia nne, punguza nusu mita kila njia: umepata mita mbili bila kubomoa kibanda cha mtu wala kulipa fidia. Mita mbili ni njia nzuri ya miguu ambayo watu wawili wanapishana na mama aliyebeba ndoo hashuki barabarani.

Kona nazo. Kona iliyochongwa kwa duara kubwa inamruhusu dereva akate kushoto bila kupunguza mwendo, huku jicho lake liko kulia akitazama magari yanayokuja. Mtu anayevuka upande wa kushoto hayumo kabisa katika hesabu zake. Ibane kona hiyo, na gari litalazimika kushuka hadi mwendo wa baiskeli. Tena mita za kuvuka zitapungua kwa anayevuka. Katika vifaa vyote tulivyo navyo, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine, maana hakihitaji umeme wala askari. Wenye malori watalalamika. Pale ambapo malori hupita kweli, tunaweka pembeni ya kona ukanda wa mawe ulioinuka kidogo: lori linaupanda, gari dogo linauepuka.

Halafu kuna matuta. Nchi zetu zinayapenda, na wakazi huyadai kila baada ya msiba, kwa haki kabisa. Lakini tuta la kawaida limetengwa na mahali watu wanapovukia: dereva analipanda, analishuka, kisha anaongeza mwendo akielekea kwenye kivuko cha pundamilia. Bora kuviunganisha. Kivuko kinainuliwa hadi usawa wa njia ya miguu, sentimita 10 hadi 15, na kinakuwa jukwaa bapa lenye miteremko upande wa magari. Mtembea kwa miguu anapita sawasawa kama sakafuni, pamoja na mwenye kiti cha magurudumu na mwenye mkokoteni. Anayepanda na kushuka ni gari, lenye injini.

Swali la nani apande ndilo linaloniudhi kila ninapopita chini ya daraja la watembea kwa miguu. Daraja hilo lazima liruke malori, hivyo sakafu yake hukaa kama mita 6 juu ya lami: ni sawa na kupanda nyumba ya ghorofa mbili. Kwa ngazi, ni karibu vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa mteremko ambao mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuumudu, yaani mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kupanda, ni mita 72 kila upande. Barabara ambayo ungeivuka kwa sekunde 25 sasa inakula dakika mbili na nusu, juani, na mzigo kichwani. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi 2012 ikiwa na njia nane katika sehemu zake, imewaonyesha Wakenya jambo hili kwa damu: madaraja yapo, na watu bado wanavuka chini. Wakaitwa wakaidi. Mimi nasema walipiga hesabu. Kwenye barabara ya mwendo kasi daraja halikwepeki, sawa. Lakini kulijenga katikati ya mji, ambako gari lingeweza kusimamishwa kwa taa, ni kukiri kwamba mtaa umeshagawiwa mwenye gari peke yake.

Palipo na njia nne na hakuna taa, kisiwa cha katikati hufanya kazi ambayo wengi hawaitambui. Mita 14 za lami huchukua kama sekunde 12 kwa mtu mzima. Katika muda huo gari la kasi ya 50 linakwenda mita 160 na ushei. Anayevuka anatakiwa apime umbali huo pande mbili kwa wakati mmoja, na mtoto wa miaka minane hana uwezo wa kupima hivyo. Kwa kisiwa, anavuka mita 7, anapumzika, anageuza shingo, anavuka 7 nyingine. Kazi imegawanyika mara mbili na kila nusu ina upande mmoja tu wa kutazama.

Dar es Salaam tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba vitu vidogo vya namna hii vinaokoa. Shirika la Amend limekuwa likitengeneza mazingira ya shule za msingi zilizo karibu na barabara hatari: njia ya miguu iliyotengwa na lami, matuta, pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari, na mara nyingine kuhamisha geti la shule lielekee mtaa mtulivu. Tathmini iliyofanywa Dar es Salaam, ikilinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zile ambazo hazijafanyiwa, ilionyesha majeruhi wamepungua kwa angalau asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda Tuzo ya Ross ya taasisi ya World Resources Institute. Geti kuhamishwa! Fundi uashi na mchomeleaji wanatosha.

Hapa ndipo wenye magari huuliza: na sisi foleni yetu? Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye makutano. Foleni ya mjini huzaliwa kwenye makutano, mahali ambapo mikondo inapokezana. Upana wa lami kati ya makutano mawili ni ghala tu la magari yanayosubiri. Ukipanua ghala hujaongeza kasi ya mlango. Tena njia ya mita 3 iliyojaa magari binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Wape mabasi peke yao, itapitisha 4,000 hadi 8,000. Wape watembea kwa miguu, 8,000 hadi 9,000. Dereva aliyekwama nyuma ya magari arobaini yenye mtu mmojammoja anapaswa kuwa wa kwanza kuomba mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao wenyewe.

Baiskeli ndizo tulizozikosea zaidi. Awamu ya kwanza ya mwendokasi wa Dar es Salaam, kilomita 21 zilizoanza kutoa huduma Mei 2016, ilikuja na njia za miguu na za baiskeli pembeni ya Barabara ya Morogoro, na mji ukatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Pita leo uone ni baiskeli ngapi utazikuta humo kati ya bodaboda, meza za machinga na magari yaliyoegeshwa. Mwendesha baiskeli wetu wa kawaida amebeba trei za mayai, gunia la mkaa au tenga la kuku. Mzigo wake unafika mita moja kwa upana, na hawezi kupinda ghafla. Njia ya mita moja na nusu iliyonakiliwa kutoka mji wa watu wanaokwenda ofisini na mkoba mgongoni haimfai. Anataka mita mbili na zaidi, isiyo na vidato kila penye mlango wa karakana.

Nairobi waliandika mwaka 2015 sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Mwaka 2019 wakaijaribu Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya spika na simu: magari yakapewa uelekeo mmoja, maegesho yakaondolewa, njia za miguu zikapanuliwa. Hofu ya wenye maduka huwa ni ileile kila mji, kwamba mteja akikosa pa kuegesha haji. Ukweli ni kwamba nafasi moja ya maegesho huhudumia wateja wachache mno kwa siku, na mara nyingi iliyo mbele ya duka imekaliwa tangu asubuhi na gari la mwenye duka.

Kuna tatizo moja ambalo michoro yetu bado haijalimaliza. Nguzo fupi zikipangwa kuzuia magari yasipande njia ya miguu, lazima ziache mwanya wa kama sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Usukani wa bodaboda una kama 75. Hakuna kipimo kitakachomkaribisha mmoja na kumzuia mwingine. Kilichobaki ni kumpa bodaboda mahali pake: kituo kilichochorwa mwanzoni mwa mtaa, chenye kivuli, karibu na abiria kuliko njia ya miguu ilivyo karibu, kikae ndani ya mchoro tangu siku ya kwanza badala ya kuongezwa baada ya mgogoro. Wasanifu wengi hawakichori. Kwenye ramani zao bodaboda hayupo.