Kufundisha Mifupa ya Kigasha na Kiungo cha Kiwiko

Katika somo la sayansi, mara nyingi mwalimu huchora ubaoni mifupa miwili ya kigasha, akaandika majina yake na kuwataka wanafunzi wayakariri. Huenda wakafaulu mtihani, lakini swali moja hubaki bila jibu: kwa nini kigasha kina mifupa miwili, ilhali mkono wa juu una mmoja tu? Twapendekeza somo lianzie hapo.

Zana ya somo hili kila mwanafunzi anayo. Abane kiwiko cha kulia ubavuni, akielekeze kigasha mbele, kiganja kikitazama juu. Kwa mkono wa kushoto aiguse ncha ya kiwiko, kisha aufuate mfupa huo hadi upande wa kidole cha mwisho. Huo ndio ulna. Mfupa wa upande wa kidole gumba ni radiasi. Sasa akigeuze kiganja kitazame chini. Atahisi kwamba ulna umetulia karibu pale pale, na radiasi ndio uliozunguka ukapita juu yake, kama vijiti viwili vilivyopishana.

Kiwiko, basi, kina kazi mbili. Ulna, ulio mnene upande wa kiwiko, umeukumbatia mfupa wa mkono wa juu, nao hufanya kazi ya bawaba: kukunja na kukunjua. Kichwa cha radiasi ni cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya pete ya ligamenti. Mifupa hii miwili ndiyo ituwezeshayo kuzungusha ufunguo mlangoni.

Maarifa haya si ya mtihani tu. Kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, kichwa cha radiasi huweza kuchopoka katika pete ile mtoto avutwapo mkono kwa ghafula. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la awali asimwinue mtoto kwa kumvuta mkono. Na mwanafunzi akianguka kutoka mwembeni, kiwiko kikavimba, tusiukande mkono wala kuunyosha. Tuutegemeze kwa kitambaa katika hali tuliyoukuta, tumpeleke hospitali upesi, kwani mshipa mkubwa wa damu hupita mbele ya kiwiko.

Mwisho wa somo tusianze kwa kuuliza majina. Tuwaulize wanafunzi ni mfupa upi uliozunguka walipogeuza kiganja. Atakayejibu huku akionyesha kwa mkono wake mwenyewe, huyo ameelewa.