Unaomba kazi ya ushauri? Jua kwanza ofisi iko wapi

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Pengine ndiyo maana vijana wengi waliosomea kilimo na biashara, wanapoomba kazi katika kampuni za ushauri na kuulizwa kituo wanachotaka, huandika neno moja tu: popote. Jibu hilo linaonyesha utayari, lakini linaweza kumgharimu mwombaji.

Mfano ni Mkoa wa Pwani. Kibaha na Kisarawe ni majirani, na zote zinapakana na Dar es Salaam, lakini kazi zake hazifanani.

Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ndiyo makao makuu ya mkoa. Zipo ofisi za serikali, kituo cha TARI cha utafiti wa miwa na Shirika la Elimu Kibaha. Viwanda vimeongezeka, na bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Mshauri wa hesabu, mipango ya biashara au usafirishaji hakosi mteja hapo.

Kisarawe ni shamba zaidi: korosho, muhogo na matunda. Mikorosho hupuliziwa dawa katikati ya mwaka, na mavuno huanza mwezi Oktoba hivi. Mshauri asiyeonekana shambani wakati huo, mkulima hatamsikiliza msimu wa kuuza ukifika. Anayejua kazi ya shamba na kupenda pikipiki kuliko kiti cha ofisini, huko ndiko kwake.

Mwombaji asidanganywe na ramani. Wilaya ni jirani, lakini Mji wa Kisarawe hufikiwa kwa njia ya Gongo la Mboto na Pugu, wakati Kibaha iko Barabara ya Morogoro. Anayeishi Mbezi akapangiwa Kisarawe ana safari ndefu kila asubuhi, na nauli inatoka mfukoni mwake. Aidha, sehemu ya Kiluvya, iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, ni ya Wilaya ya Kisarawe. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa "ofisi yetu ya Kisarawe", ulizia mtaa.

Jambo jingine ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja, pamoja na mengine, mahali alipoajiriwa na mahali pa kufanyia kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kijana aliyeajiriwa Mbeya akapelekwa Kibaha, mkataba wake ukivunjwa huko, mwajiri anawajibika kumsafirisha na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kumlipa gharama za safari. Maandishi yakisema aliajiriwa Kibaha, kudai haki hiyo kunakuwa kugumu.

Kabla ya kujaza fomu, basi, mwombaji aulize: wateja wa ofisi hii ni akina nani? Safari za vijijini ni siku ngapi kwa mwezi, na nani analipia mafuta? Kituo kikibadilishwa, mkataba utarekebishwa kwa maandishi?

Kisha aandike kituo kimoja na sababu yake. Mwajiri akisoma "Kisarawe, kwa kuwa nimekulia kwenye mikorosho", anajua anaajiri mtu wa kazi hiyo. Huko si kuchagua jembe. Ni kulijua shamba.