Kibaoni: Taa huzimwa, moto huachwa

Saa mbili usiku, rimoti ya Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikianza kulia na kupepesa taa nyekundu, nyumba nzima hushtuka. Televisheni inazimwa. Mtoto anatumwa chumbani akazime balbu aliyoiacha inawaka. Baba anashika simu, ananunua uniti za elfu moja, kisha anasoma zile tarakimu 20 kwa sauti huku mwanawe akizibonyeza moja moja.

Muda huohuo, uani, maharage yameshaepuliwa zamani, na kuni tatu nene bado zinawaka katikati ya mafiga matupu. Hakuna anayezivuta nje.

Nimeyaona haya zaidi ya mara moja hapa Kibaoni, anakotoka Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, kijiji unachokifikia ukitoka Mpanda kwenda Sumbawanga baada ya kulipita pori la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Siwezi kuwaita watu hawa wabadhirifu. Mtu anayejua kwamba pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa inakula nusu uniti anajua kubana matumizi. Umeme hapa umezoeleka kuwa kitu adimu: kwa miaka mingi Mpanda iliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Balbu za zamani za wati 60 nazo zimeachwa, na kwa hesabu nzuri kabisa. Ukiwasha moja saa tano kila usiku, kwa mwezi inamaliza uniti 9. Ya LED ya wati 9 haifikishi hata uniti moja na nusu.

Tatizo ni kwamba Luku inahesabu na kuni hazihesabu. Zinaitwa za bure. Lakini anayezikata, akazifunga kwa kamba ya gome na kuzitwika kichwani kwa mwendo mrefu, anazihesabu kwa shingo yake, na karibu kila mara ni mama au binti. Ule moto unaowaka bila chungu ni asubuhi ya mtu.

Lipo jambo jingine linaloniuma zaidi. Ukigusia kupikia umeme, utajibiwa haraka kwamba utamaliza uniti, hiyo ni anasa ya wenye mishahara. Kwa jiko la koili, hofu hiyo ina msingi. Lakini sufuria la presha la umeme hufunikwa likafungwa, likishapata moto hujikata lenyewe, na maharage huiva kwa chini ya nusu uniti. Mteja wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Basi chungu cha maharage ni kama shilingi 50 au 60. Mkaa wa shilingi 60 hata kuwasha haukuwashii. Ni kweli, akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na hapo inabidi ahesabu. Na sufuria lenyewe ni ghali kwa mkulima anayesubiri mpunga wake utoke. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa Kibaoni, ningeanza na kukopesha sufuria hilo kidogo kidogo, makato yakaenda na Luku.

Wakati hilo likisubiriwa, bibi zetu hawakuwa wajinga. Waliloweka maharage tangu jioni, yakaiva upesi. Walifunika chungu. Walianika kuni mpaka zikauke, maana kuni mbichi hutoa moshi kuliko moto.

Jioni moja, karibu na stendi, nilimwona binti wa miaka kama kumi na miwili akiepua ugali. Kabla hata hajaupeleka mezani alirudi jikoni, akavuta vijinga kimoja kimoja, akavisugua mchangani mpaka vikaacha kufuka, akaviegemeza ukutani kwa ajili ya uji wa asubuhi. Kisha akaenda kunawa.