Kuku wa Siku Tano kwa Upishi Mmoja

Mama arudipo kazini jua likizama, na watoto wana njaa, huwa rahisi kumtuma mmoja wao akanunue chipsi na kuku wa kukaanga. Jambo hili likizoeleka, mafuta na chumvi huzidi mwilini, na pesa hupungua mfukoni.

Dawa yake ni upishi mmoja wa Jumamosi. Kwa nyumba ya watu wanne, chukua kuku wawili, uwatoe ngozi, maana ndiyo yenye mafuta mengi, na umkate kila mmoja vipande kumi. Watie kitunguu thomu, tangawizi, ndimu, pilipili manga na chumvi kidogo. Wachemshe kwa maji ya kiasi hadi nyama ilainike na majimaji yake yasiwe na wekundu. Supu usiimwage, itafaa kupikia wali.

Kuhifadhi ndiko kunakotaka uangalifu, kwani joto la pwani huharibu chakula upesi. Kuku asikae nje zaidi ya saa mbili. Mgawe katika vyombo vidogo vyenye vifuniko: wa Jumapili hadi Jumanne kwenye friji, wa Jumatano na Alhamisi kwenye friza, naye umhamishie friji usiku wa kuamkia siku yake. Pasha moto kiasi cha mlo mmoja tu, hadi kifuke mvuke.

Leo mchuzi wa nazi, kesho nyama iliyochambuliwa kwa mboga, keshokutwa supu. Na baada ya magharibi, mama hupata wasaa wa kukaa na wanawe.