Mpangaji Asaidiwe Kabla ya Kutiwa Kufuli (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia bomoabomoa jijini Nairobi, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Leo tunageukia watu wanaopoteza makazi bila tingatinga wala kamera: wapangaji walioshindwa na kodi.

Mambo huanza kidogo kidogo. Kibarua cha mjengo kinakatika, au mtoto analazwa hospitalini. Tarehe 5 inapita. Msimamizi wa jengo anabisha hodi kwa upole, kisha kwa ukali. Mwezi wa pili ukiisha, mpangaji anarudi jioni na kukuta kufuli jipya mlangoni; kwenye vyumba vya mabati, mlango wenyewe hung'olewa. Hata kukamata vyombo vya mdaiwa kuna utaratibu wake, na dalali lazima awe na leseni. Lakini Sheria ya Kudhibiti Kodi, iliyotungwa kumkinga mpangaji mdogo, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Soko limekipita kiwango hicho kitambo.

Tupige hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 5,000. Deni la miezi miwili ni shilingi 10,000. Huyu akifukuzwa, atatakiwa kutoa kodi ya mwezi wa kwanza na amana kwa mwenye nyumba mwingine: shilingi 10,000 nyingine, mbali na mkokoteni wa kuhamisha vyombo, sare za shule mpya na siku za kazi zilizopotea. Deni la awali halijafutika. Asiyezipata hizo hulala kwa jamaa, akichokwa huko huhamia kwa rafiki, na mwisho wake ni kibaraza cha duka. Hapo ndipo serikali huanza kulipa, kupitia hospitali, polisi na makao ya watoto, na gharama yake hupita kwa mbali deni lile la mwanzo.

Fedha zinapatikana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Kujenga ni jambo jema, ila nyumba ambayo haijapauliwa haimfai mtu anayedaiwa kodi leo. Bunge lirekebishe sheria hiyo ili sehemu ndogo ya tozo itengwe kuwa mfuko wa dharura wa kodi.

Wapo watakaosema wapangaji wataacha kulipa makusudi. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni masharti. Mfuko umlipe mwenye nyumba moja kwa moja, si mpangaji. Mwombaji aonyeshe kwa kumbukumbu za M-Pesa kwamba alikuwa akilipa kabla ya kupatwa na shida. Mwenye nyumba naye atie saini kwamba hatamwondoa mpangaji kwa miezi 6. Na kazi ya kuwafikishia fedha raia wenye mahitaji si ngeni serikalini: mpango wa Inua Jamii huwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi.

Wales ilianza kufuata njia ya kinga mwaka 2015. Halmashauri huko zinawajibika kumsaidia mtu aliye katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56, angali nyumbani kwake. England ikafuata mwaka 2018.

Sehemu ijayo itachambua jinsi kaunti zinavyoweza kuusimamia mfuko huu. Kwa leo, wabunge wakumbuke kwamba Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kumngoja mpangaji mpaka vyombo vyake viwe nje. Kifungu cha mfuko wa kodi kiingizwe katika sheria kabla ya bajeti ijayo kusomwa.