Pilau ni tamu, lakini nani ainuke?

Mpe mtu mwenye sonona sahani ya pilau, umuulize ikoje. Huenda akakujibu kwamba ni tamu, wala hadanganyi. Sasa mwache peke yake, sufuria iko jikoni hatua kumi tu. Jua litazama hajaigusa. Nyumbani wataita uvivu. Sisi tunaochunguza ubongo tunaona mambo mawili yaliyoachana: kufurahia kitu, na kukitaka kiasi cha kukifuata.

Kuachana huko kulionekana wazi kwa panya. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliwaondolea panya karibu dopamini yote ya ubongoni, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Wakidondoshewa maji ya sukari kinywani, panya hao walijilamba kwa raha kama kawaida. Chakula kilichowekwa mbele yao hawakukifuata. Wasingelishwa, wangekufa njaa.

Binadamu hatumfanyii hivyo. Tunamlaza kwenye mashine ya MRI. Wengi hudhani inapiga picha za mawazo, kumbe inafuatilia damu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi, na hemoglobini iliyobeba oksijeni haiivurugi sumaku kama ile isiyobeba. Seiji Ogawa alilionyesha hilo mwaka 1990. Damu yenyewe huchelewa sekunde kama tano, hivyo tunachosoma ni nyayo za mtu aliyekwisha kupita.

Mwaka 2009 Diego Pizzagalli na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa kushinda pesa ndogo wakiwa ndani ya mashine. Kwa wenye sonona, niukliasi akumbensi, kijisehemu cha chini mbele ya ubongo kinachopokea dopamini, kiliitikia kwa unyonge. Ila unyonge ulijitokeza zaidi pesa ilipopokelewa kuliko ilipongojewa. Kwa hiyo binadamu si panya wa Berridge mwenye shati; kwa wengine hata raha yenyewe imefifia.

Jaribio ninalolipenda halihitaji hata mashine. Michael Treadway aliwapa watu chaguo: ubonyeze kitufe mara 30 kwa kidole cha shahada upate dola moja, au mara 100 kwa kidole cha mwisho cha mkono usioutumia sana, ndani ya sekunde 21, kwa dola zinazoweza kuzidi nne. Wenye sonona waliichagua kazi ngumu mara chache zaidi kuliko wenzao.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza: basi apigwe MRI ithibitishe? Hapana. Tofauti hizi ni za wastani wa makundi. Picha ya mtu mmoja haisemi kama ana sonona. Daktari akiiagiza, mara nyingi anatafuta kitu kingine, kama uvimbe.

Tiba nayo haihitaji picha hiyo. Katika tiba ya kurudisha shughuli, mgonjwa haambiwi asubiri hamu irudi. Anapangiwa jambo dogo, saa yake ikitajwa, alifanye hamu ikiwepo au isiwepo. Wiki ya kwanza linaweza kuwa kufungua dirisha saa mbili asubuhi.