Duka la Pembejeo la Chama: Lipi Ndilo Duka Jema?

Si vigumu kufungua duka. Chumba kimoja kando ya ghala, kufuli mbili, meza, mizani na barua ya uwakala, na chama cha msingi kimekwisha kuwa na duka la pembejeo. Kazi ngumu ni kulifanya duka hilo liwe jema, na hapo ndipo vyama vingi hukosea, kwa kuwa hupima wema wa duka kwa mambo mawili tu: bei iwe chini, na mali ijae hadi darini. Mambo hayo yote mawili yanatakiwa. Lakini yako maduka yaliyojaa mali ya bei nafuu ambayo yamewatia wanachama wake hasara ya msimu mzima, na sababu zake zinastahili kuelezwa.

Mnunuzi wa sukari huiona sukari yake. Akipunjwa leo, kesho huenda duka la pili. Mnunuzi wa pembejeo hana nafasi hiyo. Mbegu iliyokufa haina tofauti na iliyo hai ikiwa ndani ya pakiti. Unga wa dawa ya ghala hufanana na chokaa. Mbolea iliyochanganywa na chumvi haimwambii mtu neno. Atakapotambua, mvua imekwisha kupita. Katika Mkoa wa Tabora mvua za kilimo hunyesha kwa msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili, wala hakuna vuli ya pili ya kurekebishia kosa. Na kwa mkulima wa tumbaku aliyechukua pembejeo kwa mkopo, shamba likikataa deni halikatai. Hukatwa katika mauzo yake, na yasipotosha huhamia msimu ujao, na mara nyingine huwaangukia wenzake waliomdhamini.

Biashara za namna hii, ambamo mteja hawezi kukikagua anachokinunua, si nyingi. Moja ni ile ya maduka ya wazamiaji yaliyoko Unguja, Pemba na Mafia, ambako wageni hukodi mitungi ya hewa ili wapate kutazama matumbawe na samaki chini ya bahari. Mzamiaji hana njia ya kuichungua hewa iliyomo mtungini kwa macho. Huivuta tu, akiwa mahali ambapo hawezi kurudi dukani kulalamika. Kwa hiyo duka jema la kazi hiyo hujulikana kwa mambo ambayo mteja aghalabu hayaoni: mashine ya kujazia imewekwa ivute hewa mbali na moshi wa injini, mitungi imepigwa tarehe za ukaguzi, na mwenye duka huuliza cheti cha mafunzo kabla ya kukabidhi kifaa. Asiye na cheti hurudishiwa fedha yake, ama hupelekwa kwanza kufunzwa. Duka la pembejeo limo katika hali hiyo hiyo, ingawa bahari iko mbali na Uyui.

Kwa upande wa utunzaji wa mali, Tabora ina mifano yake yenyewe ya tangu zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, na shehena za merikani, kaniki, shanga na masango zilihifadhiwa katika matembe ya Kazeh na Kwihara. Wafanyabiashara wa wakati huo walijua kwamba shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya jirani. Aliyefunga mizigo bila kuuliza aliwalipa wapagazi kubeba kitu kisichonunua hata chakula. Tena, mnamo Oktoba 1871, Dk. Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema, akiwa mgonjwa na mwenye kuitegemea mali aliyotumiwa kutoka pwani, alikuta mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Alipata msaada kwa Stanley, kisha mwaka 1872 akakaa Kwihara miezi kadhaa akiwangoja wapagazi wapya kabla ya kuendelea na safari yake ya mwisho. Mtunza mali asiye na wa kumkagua, na mali isiyolingana na haja ya mahali: hayo mawili ndiyo yanayoangusha maduka ya vyama hata leo.

Sifa ya kwanza ya duka jema, basi, ni kuuliza. Mkulima akija na kusema, "Nipe dawa ya wadudu wa mahindi," mwuzaji asinyoshe mkono rafuni. Kwanza amwulize ni wadudu gani, na mahindi yenyewe yako katika hali gani.

Swali hilo lina historia mkoani hapa. Dumuzi, mdudu mdogo mweusi-kahawia ambaye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walikuwa wamekwisha kumpa jina la Scania, kwa jina la malori. Mdudu huyu hutoboa punje na hata gunzi, huugeuza muhogo mkavu kuwa unga, na huweza kula akiba ya kaya kabla ya mvua nyingine kuanza. Wakulima walipomtilia dawa iliyozoeleka ya pirimifosi-methaili, iliyokuwa ikiwaua fukusi vizuri, dumuzi aliendelea kula. Dawa ya permethrini ilimuua dumuzi, lakini nayo ilikuwa dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana zikatengenezwa dawa za unga zenye mchanganyiko wa zote mbili.

Hata hivyo mchanganyiko huo peke yake hautoshi. Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, kwa kuwa punje zilizoshikana humpa mahali pa kujikita anapotoboa, na unga wa dawa haupenyi ndani. Inapasa mahindi yakaushwe, yapukuchuliwe, kisha yachanganywe na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Mwuzaji anayempa mkulima pakiti pasipo kumwambia apukuchue kwanza amemwuzia nusu ya dawa kwa bei ya dawa nzima. Mkulima atalalamika kwamba dawa ni bandia, na yamkini haikuwa bandia.

Mambo ya mbolea nayo yanahitaji ulizi wa namna hiyo. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa uzito huo wa CAN una kilo 13 hivi. Mkulima anayelinganisha bei za mifuko bila kulinganisha kilichomo hulinganisha makopo, si maziwa. Kwa tumbaku kuna hatari nyingine: mbolea yenye kloridi nyingi huharibu jani, likawa halishiki moto sawasawa na linanyonya unyevu. Mchaguzi wa tumbaku huligundua jambo hilo sokoni, wakati ambapo kuni zimekwisha kuungua katika bani na kazi ya familia ya miezi mingi imekwisha kutumika. Kwa hiyo duka linalohudumia wakulima wa mahindi na wa tumbaku kwa pamoja litenge mbolea zao waziwazi, na mwuzaji aulize ni ya zao gani kabla ya kupokea fedha. Urea na CAN zisimwagwe wala zisichanganywe pamoja, kwa sababu zikikutana huvuta maji ya hewani zikawa tope.

Sifa ya pili ni kukataa, na hii ndiyo inayowashinda wengi. Lori likifika na mifuko iliyochanika, au mbegu zisizo na lebo, au dawa zilizobakiza miezi miwili kabla ya muda wake kwisha, mtunza duka mwenye haya hupokea. Dereva ana haraka, mwenyekiti amekwisha kutangaza kwamba mali imefika, na wanachama wamesimama mlangoni. Ni vema Bodi impe mtu huyo maandishi, yaliyopitishwa kikaoni, yenye kumruhusu kurudisha mali mbovu bila kuomba idhini ya mtu. Mbegu zilizothibitishwa zina lebo ya TOSCI, na lebo hiyo ina namba iliyofichwa ambayo hukwanguliwa na kuhakikiwa kwa simu. Pakiti moja au mbili za kila shehena zihakikiwe mbele ya wanachama wawili siku ile ile ya kupokea.

Iko njia nyingine ya kuhakiki isiyohitaji simu. Zihesabiwe punje 100 kutoka katika shehena, zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, ziwekwe kivulini na kunyunyiziwa maji kwa muda wa siku saba, kisha zihesabiwe zilizoota. Bibi zetu walifanya hivyo kwa mbegu za ndani bila kulipa jina la kitaalamu. Zikiota 70 tu, chama kinajua kabla ya mvua kwamba kina ugomvi na msambazaji. Chama ambacho hakikufanya hivyo kitajua mwezi wa Desemba, pamoja na kijiji kizima.

Hasara ya kutokukataa inaweza kuwa kubwa kupita duka lenyewe. Mwaka 1986 tani zipatazo 170 za viuatilifu, sehemu yake vikiwa vimekwisha muda, zilipokelewa nchini kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa katika banda la shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda hilo baadaye lilianguka, na sumu ikaingia ardhini. Mali ya bure ikawa mzigo wa miaka mingi. Basi duka la kijiji linaponunua katoni 20 za dawa ili lipate punguzo la bei, ilhali wanachama hutumia katoni sita kwa mwaka, linajitengenezea Vikuge ndogo nyuma ya ghala.

Kuhusu uhifadhi hapana haja ya maneno mengi, maana mafunzo yamekwisha kutolewa mara kwa mara: mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, bati lisivuje, viuatilifu katika chumba chake, mbali na mbegu na chakula, kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Liongezwe jambo moja. Dawa isipimwe kwenye chupa ya soda, hata mteja akisihi kwamba hana fedha ya pakiti nzima. Chupa hiyo haina lebo, haina rangi ya tahadhari, na nyumbani kuna watoto.

Sifa ya tatu ni kuandika. Stakabadhi nyingi husema "mbegu kilo 10" au "dawa pakiti 2", na kuishia hapo. Stakabadhi ya namna hiyo huthibitisha kwamba fedha ilipokelewa. Haithibitishi nini kiliuzwa. Inapasa iandikwe aina, jina la mtengenezaji, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye pakiti, na namba hiyo iwepo pia katika daftari la kupokelea mali. Mbegu zikikataa kuota kwa wakulima 40, daftari litaonyesha kama wote walichukua toleo moja. Likionyesha hivyo, chama kina hoja ya kumdai msambazaji na cha kuwapelekea wakaguzi wa TOSCI. Lisipoonyesha, msambazaji atasema wakulima walipanda vibaya, na chama hakitakuwa na la kujibu. Kazi yote hiyo ni ya kalamu na dakika moja kwa kila mteja.

Kadi ya bohari nayo ilinganishwe na mali iliyopo kila mwezi, na mhesabu asiwe yule anayeuza. Si kwamba kila mwuzaji ni mwizi. Mwuzaji mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na hesabu hiyo, kwa kuwa upungufu ukigunduliwa mapema chanzo chake hupatikana, na ukigunduliwa baada ya mwaka hutafutwa mtu wa kubebeshwa. Kadhalika, mjumbe wa Bodi mwenye duka lake binafsi la pembejeo asishiriki kuchagua msambazaji wa chama.

Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 walikuwa na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa, vyote kwa kiasi kidogo. Waliuza kwa fedha taslimu, kwa bei ya kawaida ya soko, kwa vipimo vya haki na vitu visivyochanganywa uchafu. Ziada wakagawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Duka lao lilianza dogo na likakua. Hapa kwetu, mapema mwaka 1976, Operesheni Maduka ilitaka maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi yalifunguliwa kwa agizo, kabla ya kuwa na mtaji wa kutosha wala mtu anayejua hesabu, bidhaa zikaadimika, na operesheni ikasitishwa baada ya muda mfupi. Wazee wengi bado wanakumbuka raf tupu za wakati huo, na chama kinachofungua duka leo hakina budi kuwajibu. Kuanza na aina tano za pembejeo zinazojulikana, zilizolipiwa, ni jibu linalosikika kuliko kuanza na aina hamsini za mkopo.

Kwa vyama vinavyojiandaa na msimu, kazi ya Agosti ni kuorodhesha haja za wanachama, tawi kwa tawi, zao kwa zao. Septemba ni mwezi wa kuhesabu mali iliyobaki na kutenga iliyokwisha muda, na kuwauliza maofisa wa viuatilifu namna ya kuiteketeza. Isizikwe wala isitupwe mtoni. Shehena ya mbegu ifike kabla ya mwisho wa Oktoba, ili zile siku saba za kitambaa chenye unyevu zipatikane kabla mvua ya kwanza haijanyesha.